Mgeni anapita kijijini kafunga vioo: niliyosema kwenye mkutano wetu wa Disemba

Wengi mmenipigia simu mnasema mlishuka mapema kuwahi mabasi, na wengine mwaka huu hamkupanda kabisa, kwa hiyo naweka hapa yote niliyosema pale uwanjani tarehe 27. Nimeyaandika kutoka kwenye rekodi ya simu ya mdogo wangu, sijapunguza kitu.

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, na nyie watoto mliokaa kule kwenye ukuta, shikamooni na hamjambo. Mliotoka Dar, Arusha, Mwanza, Dodoma, mliogombania tiketi kuja kuhesabiwa, karibuni nyumbani. Aika sana kwa kunipa nafasi hii, maana mimi sio mwenyekiti wala sio mtu wa siasa, mnanijua, nimebeba mizigo ya watu kwenye huu mlima wetu Kilimanjaro miaka kumi na moja, nikaja nikaongoza wageni miaka tisa, sasa hivi niko hapa naangalia kahawa ya mama na napokea wageni wachache wachache wanaotaka kutembea kijijini. Nitasema yale niliyoyatembelea kwa miguu yangu mwenyewe.

Naanza na swali. Ile barabara inayopanda kwenda geti la hifadhi, mwezi wa saba mpaka wa tisa, magari ya watalii mnayaona au hamyaoni? Mnayaona. Yanapita asubuhi yamejaza mabegi juu, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi na baridi, mgeni anaangalia migomba yetu kama mtu anayeangalia picha ukutani, dakika chache ameshafika getini, anapanda, siku ya tano au ya sita anashuka, anaingia kwenye gari lile lile, vioo vile vile, anarudi hotelini Moshi au Arusha. Sasa nawauliza. Huyo mgeni amebakiza nini hapa? Amekula kwetu? Amelala kwetu? Ameuliza hata jina la kijiji chetu?

Na sisi je? Sisi tunamuuzia nini? Tunamuuzia mgongo na shingo. Vijana wetu ni wagumu, ndivyo tunavyoitana huko juu, na kweli ni wagumu, kilo ishirini kichwani na begi lako mwenyewe mgongoni, baridi ya Kibo, kule kileleni, ambayo ukiivua glovu vidole vinakataa kukunja. Siidharau hiyo kazi hata kidogo, imenijengea nyumba na imesomesha wadogo zangu wawili. Ila mgongo una mwisho, wazee. Mimi goti la kulia liliniambia basi nikiwa na miaka thelathini na minane. Na baada ya hapo ndiyo nikaanza kujiuliza, hivi hapa chini ya geti sisi hatuna kitu?

Niwape kisa. Mwaka wangu wa tatu nikiwa mgumu tulilala kambi ya Horombo, mita 3,720, jioni nimemaliza kuteka maji nimekaa nje, akaja mama mmoja mgeni, mtu mzima, akaniuliza kwa upole kabisa, Horombo maana yake nini? Nikanyamaza. Nimelala pale mara nyingi kuliko nilivyolala kwa shangazi yangu, sijui maana yake nini. Nikamwambia ni upepo. Nilidanganya, na ule uongo ulinikaa kooni mpaka niliposhuka nikaenda kumuuliza mzee mmoja hapa kwetu, Mungu amrehemu. Akaniangalia kwa huzuni, akaniambia, Horombo alikuwa mangi, yaani mtawala, wa Keni kule Rombo, alijenga boma za mawe, alikuwa na nguvu kabla Mzungu hajakanyaga huku. Na Mandara, ile kambi ya kwanza, ni jina jingine la Mangi Rindi wa Moshi, yule aliyewekeana mkataba na Wajerumani mwaka 1885. Mnaona? Tunapanda juu ya majina ya wakubwa wetu, tunalala ndani ya majina yao, na hatuwajui. Pale geti la Marangu kuna kumbukumbu ya mzee Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa Marangu aliyekuwa na wale Wazungu, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, mwaka 1889 walipopanda Kibo. Ni vijana wangapi hapa wamewahi kusimama wakasoma? Nyoosheni mikono. Haya, nimeona mitatu.

Kwa hiyo la kwanza ninalotaka kusema ni kwamba mlima hauanzii getini. Mlima unaanzia hapa tulipokaa. Unaanzia kihambani.

Mama zangu, kihamba, hili shamba letu la nyumbani, mnakijua kuliko mimi, lakini kuna watoto hapa wamezaliwa Kimara na Tegeta, acha niseme. Ukiingia kihambani kwa mama yangu, juu kabisa kuna mringaringa na mifuruanje inakupa kivuli, chini yake migomba, chini ya mgomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na viazi vikuu vinavyopanda kwenye mti, majani ya ng'ombe pembezoni, ng'ombe mwenyewe yuko zizini anakula mgomba na majani, mbolea yake inarudi kwenye mgomba. Hakuna kinachotupwa. Hakuna jua linalopiga udongo moja kwa moja. Babu zetu walifanya hivi kwenye mteremko mkali ambao ukiuacha uchi mvua moja ya masika inaubeba wote mpaka tambarare. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, wakauweka mfumo huu wa kihamba kwenye orodha yao ya urithi wa kilimo wa dunia, eneo lililotajwa ni Shimbwe Juu, hapo hapo Moshi Vijijini. Wenzetu wa Shimbwe Juu kihamba chao hakitofautiani na chako wewe. Sasa dunia inakiita urithi, na sisi tunakata mringaringa tuuze mbao tujengee ukuta wa tofali.

Niliwahi kuleta mgeni mmoja kwa mama, mwanaume mkulima huko kwao, mikono yake ilikuwa migumu kama ya baba yangu. Nilikuwa nimepanga tukae dakika ishirini tuondoke kwenda maporomoko. Alikaa saa mbili na nusu! Anamuuliza mama, hiki ni nini, na hiki, na hiki, mama anajibu kwa Kichagga, mimi natafsiri, kuna mimea mingine mimi mwenyewe nilikuwa sijui kazi yake, huu wa tumbo la mtoto, huu wa ng'ombe aliyevimba, ule gome lake ni msesewe wa kutia uchungu kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Mwishoni yule mgeni akapiga magoti akachukua udongo akaunusa, akaniambia kwao udongo kama huu wanaununua. Mama akanishika mkono akauliza, amesema nini? Nikamwambia. Mama hakusema kitu, ila jioni ile alitoka peke yake akaenda kuangalia migomba yake, nilimwona dirishani.

Na kahawa. Jamani kahawa. Iliingia huku na mapadri wa Kilema karne ya kumi na tisa inaisha, wazee wetu wakaishika, mwaka 1925 wakaunda chama chao wenyewe cha wakulima, KNPA, mwaka 1933 ikaja KNCU, chama cha ushirika, Mwafrika anauza kahawa yake kwa ushirika wake wakati huo wa mkoloni. Shule nyingi za huku zina jasho la kahawa. Halafu bei ikaanguka, tukaivunja moyo, wengine wakang'oa, wengine wakaiacha iwe kuni, na siwalaumu, huwezi kumlipia mtoto ada kwa historia. Lakini wenzetu wa Materuni kule Uru wamefanya nini? Mgeni anakwenda kuona maporomoko, akishuka anakaa na wenyeji, anachuma zile nyekundu, anamenya kwa mashine ya mkono, anaoneshwa ya jana iliyovundikwa na kuoshwa na ile iliyo kwenye kichanja, ile kavu anaitwanga kwenye kinu huku watu wanaimba, anapepeta kwa ungo, anakaanga kwenye moto wa kuni, anatwanga tena, anakunywa. Kahawa ile ile. Mti ule ule. Kikombe kimoja kinalipwa vizuri kuliko gunia ulivyozoea kulipwa, kwa sababu mgeni hajanunua kahawa tu, amenunua mchana mzima na wewe. Hili na sisi tunaliweza kesho asubuhi. Ila uwe na mti wa kahawa umesimama, sio kisiki.

Sasa nifike kwenye lile lililonitoa nyumbani leo. Maji.

Wazee, mnaukumbuka mfongo wetu, ule mfereji wa maji? Nasikia mnaguna, mnaukumbuka. Mfongo ule ulichimbwa kwa majembe na vijiti, hakuna injinia, hakuna kipimo cha maji cha kununua, mtu alitembea na maji yenyewe, anachimba kidogo anayaachia anaona yanakwenda au yanagoma, anasogea. Yanatoka kwenye banio, pale maji yanapokingwa, kule juu karibu na msitu, yanazunguka mlima, yanavuka korongo juu ya gogo lililochongwa katikati kama mtumbwi, yanaingia kwenye nduwa, lile bwawa dogo, yanalala pale usiku, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu. Ulikuwa na mzee wake, ulikuwa na sheria zake. Siku ya kusafisha ukikosa, unalipa, pombe au mbuzi, hata uwe nani. Hata mangi mwenyewe alikuwa anakunywa maji kwa sababu mzee wa mfongo amekubali.

Kisa changu cha aibu ni hiki, na nakisema mbele yenu wote kwa sababu kinanihusu mimi na kinatuhusu sisi. Miaka mitatu iliyopita nilileta wageni wanne. Njia nzima nawasimulia kuhusu mfongo, nawaambia mtaona maji yanapanda mlima kwa macho yenu, maana ukisimama ule upande wa pili ndivyo inavyoonekana, wamefurahi, kamera ziko tayari. Tukafika. Mfongo mkavu. Majani makavu, chupa za plastiki, na pampasi. Pampasi za watoto wetu, kwenye mfongo wa babu zetu. Mgeni mmoja akauliza, maji yako wapi? Nilikosa la kusema. Nikawaambia labda leo wamefunga. Tena nikadanganya! Mara ya kwanza nilidanganya kwa kutojua, mara hii nilidanganya nikiwa najua, maana nilijua kabisa kwamba tulipowekewa mabomba kila mtu aligeuza mgongo, masika moja udongo ukaporomoka pale kwenye kona ya korongo, gogo likaondoka, kila mtu akasema fulani atatengeneza. Fulani ni nani? Niambieni. Fulani anakaa nyumba gani?

Na hayo mabomba mnayategemea? Kiangazi kilichopita yalitoka siku ngapi kwa wiki? Mama zetu waliteka wapi? Magimbi yaliyokuwa pembeni ya mfongo yako wapi leo? Nimetembea kutoka banioni mpaka kwa mama, nimehesabu nduwa tatu zimefukiwa, moja imejengwa banda la kuku juu yake.

Kuna jambo lingine watu wengi hawalijui, na wageni wengi pia wanalisema vibaya. Wanadhani maji yetu yanatoka kwenye ile theluji ya Kibo, barafu ikiisha tumekwisha. Barafu kweli inakwisha, toka mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 imeshaondoka, na inaniuma, nimeiona mwenyewe ikirudi nyuma, kuna ukuta wa barafu niliokuwa napita pembeni yake nikiwa kijana, leo pale ni mchanga. Lakini maji ya mifongo, maji ya mito inayoshuka kwenda Pangani, mengi yanatoka msituni. Ni mvua ya msituni na ule ukungu. Upande wetu huu wa kusini, msituni inanyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, Moshi mjini haifiki nusu ya hapo. Na pale juu mwisho wa msitu ile miti yenye ndevu za kijani inakamata ukungu, unaona kabisa asubuhi inadondosha matone wakati hakuna mvua. Moto ukiichoma ile, ukungu unapita juu hauna pa kushika, na banio lako huku chini linakauka. Ndiyo maana Oktoba 2020 mlima ulipowaka, watu walipanda kuzima, askari wa hifadhi, wanafunzi wa chuo cha Mweka, wanavijiji wenye matawi ya miti mikononi, na mimi nilikuwepo, nimelala na kikohozi wiki mbili. Moto mwingi unaanza na mtu. Mtu anayefukuza nyuki arine asali, mtu anayetupa sigara. Sio siri.

Najua hapa kuna uchungu kuhusu msitu. Ule ukanda wa nusu maili ulitengwa mwaka 1941 ili wanavijiji tupate kuni na majani bila kuingia ndani kabisa, halafu mwaka 2005 msitu ukaunganishwa na hifadhi ya taifa, na toka hapo mama kuingia kukata majani ya ng'ombe kumekuwa shida. Sitasimama hapa niwaambie uchungu huo ni wa bure, hapana, mama anayeshuka mpaka tambarare kutafuta majani halafu anapanda nayo mgongoni, huyo anajua gharama kuliko mtu yeyote aliyeko ofisini. Ninachosema ni kwamba tupande majani na miti ya kuni humu humu kihambani na kwenye kingo za mfongo, na tukienda kuzungumza na wakubwa kuhusu haki yetu kwenye mlima, twende tukiwa watu ambao mfongo wao unatiririka na kijiji chao hakina plastiki. Tutasikilizwa tofauti.

Nimezungumza sana kuhusu maji, nivumilieni, nina mawili tu yamebaki.

Utamaduni. Wiki chache zilizopita nilimsikia kijana wetu mmoja, kijana mzuri, mchapakazi, anawaambia wageni eti isale ni mti wa uchawi, Wachagga wanaogopa kuugusa usiku. Wageni wakacheka wakapiga picha. Nilimvuta pembeni baadaye, nikamsimulia hivi. Baba yangu na mdogo wake waligombana kwa ajili ya zamu ya maji, mfongo ulikuwa umeanza kupungua, mmoja akafungua usiku sio zamu yake. Miaka sita hawakusalimiana. Vihamba vinapakana, mnasikiana mkikohoa, hamsalimiani. Siku moja baba mdogo akaja asubuhi na mapema, hakusema neno, amebeba jani la isale mkononi. Baba alikuwa anakamua maziwa. Akaliangalia lile jani muda mrefu, akaweka ndoo chini, akalipokea. Basi. Mimi nilikuwa mtoto nimesimama mlangoni, na sijawahi kuona watu wazima wawili wanalia vile. Isale ndilo jani la kuombea msamaha, likija mbele yako huwezi kulikataa. Ndiyo maana tunalipanda mpakani, pale pale penye ugomvi. Hicho ndicho cha kumwambia mgeni! Kwa nini umpe uongo wa bei rahisi wakati una ukweli wa namna hii?

Na ukweli mwingine ni mzito, usiogope kuusema. Niliwahi kuwapeleka wageni wawili wa Kijerumani Old Moshi, pale kwenye mti ambapo Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine. Nilikuwa na wasiwasi, nikafikiri nipunguze makali, ni wageni wangu, wamelipa. Nikaamua kusema kama ilivyo. Nikawaambia inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na familia yake imekitafuta miaka mingi. Walisimama pale kimya muda mrefu. Yule dada akaniomba nimtamkie jina tena polepole, akaliandika kwenye daftari lake. Walirudi mwaka uliofuata, wakaleta na wazazi wao.

Watoto wanaokimbiza magari wakiomba pipi na hela, hilo wazazi tulikomeshe wenyewe majumbani, na mgeni tumwambie mapema asigawe na asimpige mtu picha bila kumuomba. Sitaki kulirefusha. Ila Kichagga, wazazi, ongeeni Kichagga na watoto wenu. Jina la mti likipotea na kazi ya mti inapotea. Mama yangu akiondoka leo, nusu ya kihamba chake itakuwa majani tu kwangu.

La mwisho ni hela, na hapa ndipo vijiji vinapovunjikia. Huu utalii wa kitamaduni sio kitu kipya, ulianza hapa Tanzania katikati ya miaka ya tisini, Bodi ya Utalii na wale Waholanzi wa shirika la maendeleo la SNV, na wazo lake toka mwanzo lilikuwa kwamba sehemu ya hela ya mgeni inabaki kijijini kwa kazi ya wote, shule, maji, zahanati. Wazo zuri. Lakini niliwahi kuwa kwenye kikundi kimoja, sikitaji, daftari alilishika mtu mmoja, hela zilikuwa zinakuja, sisi tunaambiwa zimekwenda kwenye mafuta. Mwaka wa pili kila mtu akaanza kuvizia wageni wake barabarani kivyake, bei ikashuka, tukawa tunagombania mgeni mbele ya mgeni. Kikafa.

Kwa hiyo naomba, na mwenyekiti yuko hapa ananisikia, mkutano mkuu wa kijiji kwa utaratibu unatakiwa kila miezi mitatu, basi kila mkutano daftari la wageni lisomwe kwa sauti. Wageni wangapi, wamelala kwa nani, wamekula kwa kina mama gani, kijiji kimepata ngapi, zimekwenda wapi. Akina mama wa kikundi cha mtori wawe na mtu wao kwenye kushika hela, na sisemi kwa heshima tu, nasema kwa sababu wao ndio watakaopika, watakaotandika, na wao ndio wanaojua siku maji yamekatika. Na kila mgeni anayelala hapa, kiasi fulani kitolewe kabla ya mtu yeyote hajagusa, kiende kwenye mfongo. Kiwango tutakipanga wote, sio mimi.

Kuna watu wameniambia tuanze na geti zuri la kijiji na bango kubwa, na nyinyi mliotoka mjini mko tayari kuchangia, nawashukuru kutoka moyoni. Lakini nawaomba hiyo hela msiipe bango. Tuanze na mfongo. Mgeni asipokuja kabisa, mfongo ukitiririka tumepata magimbi, tumepata ndizi mshare za mtori, ng'ombe wamekunywa, mama hajashuka na ndoo. Hatujapoteza kitu. Bango bila maji tutamuonesha mgeni nini? Pampasi?

Nimeongea na mzee aliyekuwa mtoto wakati mfongo unachimbuliwa upya mara ya mwisho, amekubali kutuonesha njia yake yote. Zamani ilikuwa mwiko mwanamke kufika banioni, nimewauliza wazee watatu, wote wamesema mwaka huu mama zetu wapande, na wao wazee watatangulia kusema maneno yao pale juu kama inavyotakiwa. Keshokutwa, tarehe 29, saa moja asubuhi, tunakutana pale kwenye mti mkubwa chini ya banio. Majembe, panga, sururu, viroba vya kuwekea takataka. Mnaorudi Dar tarehe 2 mna muda. Mama amesema atapika uji wa ndoo mbili. Kona ya korongo ndiyo itatusumbua, tunahitaji gogo jipya la kuvushia maji na fundi wa kulichonga, na hapa kijijini ninayemjua anayeweza kuchonga ni mmoja tu na macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo nataka vijana wawili wakae naye wawe macho yake. Na lile gogo la zamani, kama kuna mtu anajua lilipoishia, hata kama yuko nalo kwake amelifanya hori la ng'ombe, sina ugomvi naye, aje aniambie kabla sijaondoka hapa uwanjani, tunataka tu tulipime.